Protini Tatu Zinazomfungulia Bakteria Mlango wa Mnyoo

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu seva, kanzidata na programu huria. Leo naomba tuondoke kidogo kwenye kompyuta, tuingie udongoni. Kuna historia moja ambayo nikiisoma naona kila mtu anayeandika programu ataielewa haraka, kwa sababu ni habari ya vitu viwili vinavyotegemeana. Watu walikiona kimoja wakakithamini, cha pili wakakiosha kama uchafu. Iliwachukua miaka mingi kujua kwamba kile walichokuwa wakikiosha ndicho kilichokuwa kikifanya sehemu kubwa ya kazi.

Vitu vyenyewe ni mnyoo mdogo na bakteria wake.

Mnyoo ninayemzungumzia si yule wa tumboni mwa watoto, wala si yule anayevimbisha mizizi ya nyanya. Huyu ni rafiki wa mkulima. Anaishi udongoni, urefu wake ni kama nusu milimita hadi milimita moja, na kazi yake ni kuwinda wadudu. Wanasayansi wanamweka katika kundi la nematodi, na kuna koo mbili zinazojulikana zaidi kwa kazi hii: Steinernema na Heterorhabditis.

Mnyoo mchanga anayetafuta windo hali kitu chochote. Mdomo umefungwa, anaishi kwa akiba ya mafuta iliyo mwilini. Akimpata buu, anaingia kupitia mdomoni, kupitia njia ya haja au kupitia vitundu vya kupumulia. Akifika kwenye damu ya mdudu anawatoa bakteria aliowabeba utumboni. Bakteria wanaongezeka, wanatoa sumu, na kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili mdudu amekwisha. Baada ya hapo bakteria hao hao wanatengeneza antibiotiki za kuwazuia vijidudu wengine wasiingilie karamu, huku wakilainisha nyama ya mzoga. Minyoo wanakula, wanazaana kizazi kimoja, viwili, pengine vitatu. Chakula kikipungua, watoto wa mwisho wanafunga mdomo, wanabeba bakteria wachache, na safari inaanza tena.

Kwa hiyo mnyoo ndiye mbebaji, na bakteria ndiye muuaji na mpishi. Bakteria peke yake hana miguu ya kumfikisha kwa mdudu mwingine. Mnyoo peke yake hana jiko.

Sasa fikiria mzoga wa buu uliolala udongoni. Udongo umejaa bakteria wa kila namna. Inakuwaje mnyoo mchanga anapoondoka pale awe amembeba bakteria yule yule wa ukoo wake, wala si mwingine? Nani anakagua kitambulisho mlangoni? Jibu lilipatikana katika karne hii tunayoishi, lakini ili tulielewe inabidi turudi nyuma karibu miaka mia moja.

Mwaka 1929: mnyoo anaonekana, bakteria haonekani

Mwaka 1916 mbawakawa mmoja kutoka Japani alionekana kwa mara ya kwanza Marekani, katika jimbo la New Jersey. Mabuu wake wanakula mizizi ya nyasi na mimea mingine, na wakubwa wanakula majani. Kule kwao Japani alikuwa na maadui wa kumpunguza. New Jersey hakuwa nao, basi akatamba.

Mwaka 1929 mtafiti Rudolf Glaser, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller huko Princeton, alichunguza mabuu wa mbawakawa huyo waliokufa, kutoka eneo la Haddonfield. Ndani yao akakuta minyoo. Mnyoo huyo alipewa jina kwa heshima yake, na leo tunamwita Steinernema glaseri. Glaser hakuishia kumtazama kwa hadubini. Kufikia mwaka 1931 alikuwa ameeleza namna ya kumlea mnyoo huyu kwenye vyombo vya maabara bila kuhitaji mdudu, jambo lililokuwa kubwa kwa zama zile. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 minyoo ilizalishwa kwa wingi na kumwagwa katika maeneo mengi ya New Jersey ili imshambulie mbawakawa.

Ona sasa. Glaser alikuwa mtaalamu makini, na mtaalamu makini wa maabara hataki vijidudu visivyoalikwa kwenye chombo chake. Kwa macho ya wakati ule, bakteria waliokuwa wakitokea pamoja na mnyoo walikuwa uchafu. Mwaka 1940 akachapisha mbinu ya kumlea mnyoo huyu akiwa safi kabisa, bila bakteria yeyote. Ilikuwa ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini ni sawa na fundi anayesafisha diski ya kompyuta, akakuta faili asiyoijua, akaifuta kwa sababu haina jina la maana. Mashine bado inawaka. Tatizo litakuja kuonekana siku ya kazi.

Siku ya kazi ilifika. Baada ya vita vya pili vya dunia dawa za kemikali kama DDT zikateka soko, na mradi wa minyoo ukasahaulika. Karibu miaka 50 baada ya minyoo ile kumwagwa, Randy Gaugler na wenzake walirudi New Jersey kuitafuta. Mwaka 1992 waliripoti kwamba karibu hawakumkuta mnyoo huyo tena. Kati ya sababu walizozieleza, pamoja na hali ya hewa, ni kwamba minyoo mingi ilikuwa imepelekwa shambani bila mwenzake.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa habari hii. Serikali ya jimbo ilitoa fedha, mtafiti hodari alitoa miaka ya maisha yake, wakulima walisubiri, na kilichopelekwa shambani kilikuwa nusu ya chombo.

Bakteria anapata jina

Mmoja wa waliomtilia maanani bakteria mapema ni Samson Dutky, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mwaka 1955 yeye na mwenzake Hough waliripoti mnyoo waliyempata ndani ya mabuu wa nondo wa matufaha. Mnyoo huyo aliitwa kwa namba tu, DD-136, na Dutky aliona kwamba alikuwa na bakteria anayesafiri naye. Mwaka huo huo Jaroslav Weiser wa Chekoslovakia alimweleza mnyoo wa aina hiyo hiyo, ambaye leo anaitwa Steinernema carpocapsae.

Mwaka 1965 George Poinar na Gerard Thomas wakampa bakteria jina rasmi. Mwaka uliofuata walichapisha majaribio ya kumlinganisha mnyoo aliye na bakteria na asiye naye, na ikadhihirika kwamba ndani ya mdudu mnyoo bila mwenzake hazaliani ipasavyo. Kwa wale wapenzi wa filamu, Poinar huyu ndiye ambaye utafiti wake wa baadaye kuhusu wadudu walionaswa kwenye kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ulichangia wazo la riwaya ya Jurassic Park.

Jina la kwanza la bakteria halikudumu. Mwaka 1979 Thomas na Poinar waliunda ukoo mpya, Xenorhabdus, jina la Kigiriki lenye maana ya fimbo ngeni. Mwaka 1993 bakteria wa ile minyoo mingine, Heterorhabditis, walitengwa katika ukoo wao wenyewe unaoitwa Photorhabdus, kwa sababu wanatoa mwanga. Ndiyo, buu aliyekufa kwa bakteria hawa anaweza kung'aa gizani.

Mwaka 1980 Raymond Akhurst wa Australia alitoa onyo ambalo wenye viwanda wanalihofia mpaka leo. Aligundua kwamba Xenorhabdus akifugwa maabara anaweza kugeuka. Kuna umbo la kwanza, linalotengeneza antibiotiki na kumlisha mnyoo vizuri, na kuna umbo la pili linalojitokeza baadaye, ambalo minyoo hawazaliani vizuri juu yake. Kwa hiyo hata ukimkumbuka bakteria, unaweza kuwa naye na bado ukawa humna.

Kuzima jeni moja baada ya nyingine

Sasa tunafika sehemu iliyonifurahisha mimi kama mwandishi wa programu. Tuseme umepewa programu kubwa iliyoandikwa na mtu asiyejulikana, haina maelezo hata mstari mmoja, na unataka kujua ni sehemu gani inayofanya kazi fulani. Utafanyaje? Unazima sehemu moja, unaiendesha, unatazama kama kazi ile bado inafanyika. Unairudisha, unazima nyingine. Inachosha, lakini inaleta jibu.

Ndivyo walivyofanya Kurt Heungens, Charles Cowles na Heidi Goodrich-Blair katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Matokeo yao yalitoka mwaka 2002. Walichukua Xenorhabdus nematophila, yule anayeishi na S. carpocapsae, wakapata bakteria 3,000 ambao kila mmoja amechomekewa kipande cha DNA mahali tofauti ili kuharibu jeni iliyopo hapo. Kuwapima mmoja mmoja ni kazi ya kuzeesha mtu. Kwa hiyo walitumia mbinu iliyotangazwa mwaka 1995 na kundi la David Holden la London, lililokuwa likichunguza Salmonella. Kila bakteria anapewa kibandiko cha DNA kisichofanana na cha mwenzake, kama namba ya gari. Unawachanganya wengi pamoja, unawaacha minyoo wawabebe, kisha unasoma ni namba zipi zimefika utumboni na zipi zimebaki nje.

Kati ya wale 3,000, bakteria 15 walionekana wameshindwa vibaya kuingia kwa mnyoo. Walikuwa wameharibika katika sehemu tisa tofauti za jeni zao. Baadhi zilikuwa jeni za usimamizi, zile zinazowasha na kuzima jeni nyingine nyingi, na baadhi zilihusika na kutengeneza chakula cha bakteria mwenyewe. Hizo hazikushangaza sana. Ukikata umeme wa nyumba nzima, usishangae redio ikinyamaza. Lakini baadhi ya jeni hazikuwa za namna hiyo. Mojawapo wakaiita nilB. Herufi hizo tatu za mwanzo zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukaa utumboni mwa nematodi. Jirani zake zikaitwa nilA na nilC.

Jeni hizi tatu zinatengeneza protini tatu. NilA inaaminika kukaa kwenye utando wa ndani wa bakteria. NilB imekaa kwenye utando wa nje kama bomba lililopenya ukuta. NilC ni protini yenye mkia wa mafuta, na mkia huo ndio unaoishikiza kwenye utando wa nje. Zote tatu zinahitajika. Ukiharibu hata moja, bakteria hakai ndani ya mnyoo, ingawa bado anaweza kuishi na kuua mdudu. Yaani kuua ni kazi moja, na kupanda gari ni kazi nyingine yenye tiketi yake.

Kundi hilo hilo la Wisconsin lilionyesha mwaka 2003 jambo lingine la ajabu. Chumba cha bakteria ndani ya utumbo wa mnyoo mchanga huanzishwa na bakteria mmoja au wawili tu. Hao ndio wanaoongezeka mpaka kukijaza. Hebu fikiri: mustakabali wa mnyoo na wa bakteria kwa safari nzima ijayo unawekwa mikononi mwa bakteria mmoja au wawili. Ndiyo maana ukaguzi mlangoni hauna mzaha.

Jaribio la mwaka 2008

Kuonyesha kwamba kitu kinahitajika ni hatua ya kwanza. Swali gumu zaidi ni hili: je, kinatosha? Ukikihamishia kwa mgeni, mgeni ataruhusiwa kuingia?

Mwaka 2008 Cowles na Goodrich-Blair walijibu. Walichukua kipande cha DNA chenye nilA, nilB na nilC, urefu wake karibu herufi 3,500, wakawapa bakteria wa aina nyingine mbili za Xenorhabdus ambao kwa asili hawakai ndani ya S. carpocapsae na hawana kipande hicho. Wageni hao wakaingia na kukaa.

Nilipolisoma hili nililikumbuka lile tatizo la zamani la printa. Umenunua printa nzuri, umeunganisha waya, kompyuta inasema haiijui. Unaweka dreva, faili ndogo tu, na kazi inaanza. Herufi 3,500 ni kidogo sana. Ni chini ya theluthi ya herufi za makala hii unayoisoma. Ushirika uliokuwa unaonekana fumbo kubwa, wa viumbe wawili kuzoeana kwa vizazi visivyohesabika, kwa sehemu yake hii ulikuwa umefungwa kwenye kifurushi kidogo namna hiyo.

Na mmoja wa wageni wawili waliopewa kifurushi hicho anaitwa Xenorhabdus poinarii. Amepewa jina la Poinar, na kwa asili mwenyeji wake ni Steinernema glaseri, mnyoo yule yule wa Glaser. Yule aliyekuwa akisafishwa kutoka kwenye vyombo vya Princeton, sasa alikuwa amekaa kwenye meza ya maabara kama shahidi mkuu. Huyu X. poinarii naye ana tabia yake: ukimdunga peke yake kwa wadudu wengi, hawafi. Akiingia pamoja na mnyoo wake, wanakufa. Hapo huwezi hata kusema nani ni muuaji, inabidi useme ni wao wawili.

Bomba lenye ndugu wengi

Kwa muda mrefu haikujulikana vizuri lile bomba la NilB linafanya nini hasa. Msaada ulitoka upande ambao haukutarajiwa, upande wa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2016 kundi la Trevor Moraes wa Chuo Kikuu cha Toronto lilieleza protini za bakteria Neisseria meningitidis, anayesababisha ugonjwa huo, ambazo kazi yake ni kuzipeleka protini zenye mkia wa mafuta hadi kwenye uso wa nje wa bakteria. NilB ni ya familia hiyo hiyo. Mwaka 2021 kundi la Goodrich-Blair, ambaye siku hizo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Tennessee, lilipendekeza kwamba familia hii ihesabiwe kuwa mfumo kamili wa utoaji protini, aina ya 11, na kwamba umeenea kwa bakteria wengi. NilB, basi, kazi yake ni kuitoa NilC nje ili ionekane.

Kumbe bomba lile lile linalomsaidia bakteria mmoja kuwa mpangaji mwema ndani ya mnyoo, ndugu yake anamsaidia bakteria mwingine kuishi ndani ya mwili wa binadamu na kumuua. Na baadhi ya protini zinazopelekwa nje kwa njia hiyo ndizo zinazolengwa na chanjo. Anayechunguza minyoo ya bustani na anayechunguza magonjwa ya watoto walikuwa wakitazama sehemu moja ya mashine bila kujuana.

Usidhani hata hivyo kwamba njia hii ndiyo pekee. Photorhabdus, yule anayeng'aa, anatumia vinyweleo vya protini kujishikiza kwenye utumbo wa mnyoo mama. Mwaka 2012 Vishal Somvanshi, Todd Ciche na wenzao walionyesha kwamba vinyweleo hivyo vinaongozwa na kipande cha DNA kinachogeuka kichwa chini miguu juu. Kikielekea huku, vinyweleo vinatengenezwa na bakteria anakuwa mshirika mpole wa mnyoo. Kikielekea kule, anakuwa muuaji wa wadudu. Moja au sifuri. Sisi tunadhani tulibuni swichi.

Na hapa kwetu?

Mwaka 1997 mnyoo mpya kutoka Kenya alielezwa rasmi na kuitwa Steinernema karii, jina lililotokana na KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo sasa ni sehemu ya KALRO. Bakteria wake, Xenorhabdus hominickii, alipewa jina rasmi mwaka 2006. Hesabu mwenyewe: miaka tisa kati ya jina la mbebaji na jina la abiria. Tabia ya kumtambua mnyoo kwanza haikuisha na Glaser.

Nasema haya si kwa kulaumu. Nasema kwa sababu wakulima wetu wana mabuu wengi udongoni, na tangu mwaka 2016 Afrika ina kiwavijeshi vamizi, ambaye naye hushuka ardhini kugeuka pupa. Minyoo hawa ni kati ya silaha zinazofanyiwa majaribio. Wakiuzwa kwenye pakiti, mnunuzi atasoma idadi ya minyoo iliyomo, na akiwa na hadubini ataiona inacheza. Lakini bakteria wawili walioanzisha chumba ndani ya kila mnyoo hawezi kuwaona, wala hawezi kujua kama ni wa umbo la kwanza au la pili. Minyoo ya New Jersey nayo ilikuwa inacheza vizuri ilipomwagwa shambani.

Kwa hiyo siku ukikutana na muuzaji wa minyoo hawa, baada ya kuuliza bei, muulize na jina la bakteria. Mwenye kuijua kazi yake atakutajia.

Tuonane tena makala ijayo, tutarudi kwenye seva.